Nisipokutaja Redioni, Nitajiitaje?

Mpanda, Jumatatu jioni

Skola,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa salamu. Hii haina, kwa sababu juzi umeniambia salamu zangu zinakutia aibu, na mimi si mtu wa kumlazimisha mtu salamu. Basi tuseme "ama baada ya", tuache pengo hapo, tuendelee.

Umeenda Makanyagio kumuaga shangazi yako. Najua utachelewa, maana shangazi yako hajui kumwachia mtu aondoke bila kula, na wewe hujawahi kukataa wali kwa kuku. Nimefunika cherehani, nimeweka karatasi juu ya meza yake, naandika kabla giza halijaingia ili nisichome mafuta ya taa kwa ajili ya hasira. Nikimaliza naitia kwenye mfuko wa ile sketi ya bluu. Sketi hiyo hutaigusa mpaka ufike Morogoro, kwa kuwa umesema ni ndefu, inafaa masista. Kwa hiyo utaisoma ukiwa mbali na mimi, na hutaweza kunikatiza.

Sitakuandikia uchemshe maji, wala ufunge dirisha la bweni, wala usikopeshe ndoo yako. Hayo umeyasikia tangu ulipoanza kutembea, na kama hayajaingia hayataingia kwa posta. Nina jambo moja tu, na ni hilo la juzi.

Ulikuwa umesimama juu ya kigoda, nakupimia pindo la sketi hiyo hiyo, nina pini mdomoni. Ukasema kwa ile sauti ndogo unayoitumia ukitaka kitu, "Mama, nikishafika chuoni, usinitaje redioni."

Nikatoa pini. "Nisikutaje wapi?"

"Kwenye zile salamu zako. Wenzangu watasikia. Watajua natoka wapi."

Watajua unatoka wapi? Mwanangu, unatoka kwangu. Kuna siri gani hapo? Lakini sikusema hivyo. Nilirudisha pini mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na mguu wako ulikuwa karibu. Tangu saa ile tumekuwa tukizungumza habari za ugali na maji ya kuoga tu. Kesho treni inaondoka na sitaki ikuchukue nikiwa bado nimenyamaza. Kwa hiyo nakasirika kwa maandishi, nawe usome.

Kwanza hilo neno hobi. Mimi kabla hujaenda sekondari sikujua kama nina hobi. Nilikuwa na cherehani, na redio pembeni ya cherehani. Nikipata nafasi nanunua kadi ya salamu, naandika majina ya watu wangu, chini naweka ujumbe, naituma kwa treni mpaka Dar es Salaam, na mtangazaji anaisoma siku Mungu akipenda: "Huyu ni Mama Skola wa Cherehani, yuko Mpanda, anawasalimia wafuatao." Basi. Wewe ndiye uliyekuja likizo ukaniambia hiyo ni hobi, na kwamba nchi nzima kuna watu wenye hobi kama yangu. Nikafurahi, nikaona ni neno la watu waliokaa vizuri. Kumbe ulikuwa unanitajia ugonjwa.

Na hobi yako wewe ni ipi? Nimeiona. Iko gazetini, ukurasa ule wa kutafuta marafiki wa kalamu, na kipicha chako cha pasipoti umekunja mdomo. "Hobi: kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo." Nimeusoma ukurasa wote. Vijana wote wa nchi hii hobi yao ni kubadilishana mawazo. Sijaona hata mmoja anayependa kuchota maji. Sasa mkishabadilishana hivyo, mnabaki na mawazo ya nani? Ulikuwa unamwandikia kijana wa Bukoba kurasa mbele na nyuma, kijana hujawahi kumwona hata kisigino, na mimi nikikuuliza shule ikoje unasema "nzuri". Na gazeti hilo hilo linafika Morogoro, lina jina lako na picha yako. Hiyo siyo aibu, kwa kuwa gazeti halikutaja cherehani.

Halafu ile picha ya studio. Nimeitundika ukutani kwa kuwa wewe ni mwanangu, lakini kila nikiitazama nakereka. Umekaa mbele ya kitambaa kilichochorwa ndege na maua, umeshika mkono wa simu sikioni, unacheka. Simu yenyewe haijaunganishwa popote. Nimeiangalia kwa karibu, waya wake umeishia chini ya meza ya mpiga picha. Ulikuwa unamchekea nani? Simu isiyofika hata mlangoni unaikumbatia, na redio inayofika mpaka msituni unaionea haya. Nyie watoto mnapenda kitu kikiwa kinang'aa na hakifanyi kazi. Mdogo wako Deusi naye na ile saa yake ya namba, inalia katikati ya misa, ukimuuliza saa ngapi anasema kumi na sita na dakika kadhaa. Saa kumi na sita ndiyo ipi? Mtu mzima unasimama njiani unapiga hesabu kwa vidole ili ujue kama jua limezama, na jua lenyewe liko pale unaliona.

Haya. Nirudi kwenye hasira yangu ya kweli, nisije nikaimalizia kwa Deusi.

Unasema nisikutaje. Hebu fikiri unachoomba. Mimi jina nililobatizwa ni Felista, unalijua kwa sababu limeandikwa kwenye cheti cha kliniki. Nani mwingine analijua? Siku ulipozaliwa, mkunga alitoka nje akasema, "Mama Skola anaomba uji," nami nikauliza huyo ni nani. Tangu siku hiyo Felista hajaitwa tena na mtu. Sokoni ni Mama Skola. Kanisani ni Mama Skola. Baba yako mwenyewe, aliyenioa nikiwa Felista, ananiita Mama Skola hata akiwa amekasirika. Deusi alizaliwa baada yako na mpaka leo hakuna aliyeniita Mama Deusi. Mtangazaji akifungua kinywa kusema mimi ni nani, wewe unatajwa kabla sijamsalimia mtu yeyote. Sasa nikukate wewe, ibaki nini? "Huyu ni Mama wa Cherehani"? Nimezaa cherehani mimi?

Ungeniambia niache kutaja rangi ya sketi yako, au alama zako za hesabu, ningekuelewa. Lakini umeomba nijifute, na ukaomba nikiwa nimepiga magoti nakushonea pindo.

Na kuna mtu mwingine hukumfikiria kabisa. Baba yako yuko Ugalla tangu mvua zilipokatika, yeye na wenzake warina asali. Unajua kambi yao ilivyo, ulikwenda mara moja ukalia kwa kuumwa na ndorobo. Barua haifiki kule. Nani aipeleke, simba? Kinachofika kule ni redio yake ndogo, yenye waya ameutundika juu ya mti, na betri anazozianika juani mchana ili zipate nguvu ya jioni. Mimi betri niliwahi kuzitia kwenye majivu ya moto nikidhani nina akili kuliko jua. Zikapasuka ndani ya redio, zikala zile springi, nikakaa kipindi kirefu bila kusikia hata taarifa ya habari. Baba yako hana haraka na kitu, kwa hiyo betri zake zinadumu. Kila jioni wanakaa kusikiliza, kwa sababu kati ya majina yote hayo huenda kuna la mtu wao.

Ulipofaulu darasa la saba alikuwa hukohuko. Shule nzima mlifaulu wawili. Nilinunua kadi siku ileile, nikaandika, "Namsalimia mume wangu aliyeko Ugalla. Skolastika amefaulu." Sikuweka methali wala nini. Ikachukua wiki kadhaa, mimi nimeshakata tamaa, na wewe umeshaanza kuulizia sare. Siku moja mchana namwona baba yako anaingia uani na debe la asali kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na neno lake la kwanza halikuwa hodi. Alisema, "Wamekosea jina la mtoto, mtangazaji amesema Skolatika." Wewe ulitoka jikoni ukamrukia na debe likiwa bado kichwani. Unakumbuka ulivyozunguka mtaa mzima unawaambia watoto wenzako, "Nimetajwa redioni mpaka porini"? Watoto walikuonea wivu kweli. Wakati huo hukuuliza kama watu watajua unatoka wapi.

Sasa umepata chuo cha kilimo, na baba yako hajui. Ningemwambiaje? "Mtu fulani, ambaye hapendi kutajwa, amepata chuo fulani"? Akae kule na nyuki wake akikisia ni mtoto wa nani?

Najua aibu yako ilianzia wapi. Ilianzia msibani kwa Mzee Kasonso, na nilikuona siku ile. Ulijifunika khanga mpaka puani, ukasogea kukaa na akina mama wa upande wa pili kama vile hatukuja pamoja. Sikukusema wakati ule. Leo nasema, na nasema yote, hata yale usiyoyajua, kwa sababu uliondoka kurudi shule kabla mambo hayajaisha.

Mzee Kasonso, yule mchonga mipini ya majembe wa nyumba ya tatu, alikuwa mtu wangu. Alikuja hapa kibarazani na suruali yake kwa ajili ya kiraka. Siku hizi kazi yangu kubwa ni viraka na kupunguza mitumba, nguo mpya nani anashona tena, watu wanavaa makoti ya Wazungu wenye mabega kama milango, wananiletea mimi niyapunguze. Basi amekaa anasubiri suruali yake, amejifunga shuka, redio inasema, na mimi nikatajwa. Mzee akanitazama. Akasema, "Na mimi hapa jirani yako, umri wote huu, sijawahi kusalimiwa na redio. Nina kosa gani?" Nikacheka, nikachukua kadi, nikaandika jina lake mbele ya macho yake. Nikaweka na ujumbe wa kuwachokoza wale ninaowasalimia miaka na hawanijibu. Akauliza itasomwa lini. Nikamwambia asikilize tu.

Hakuumwa muda mrefu. Ilikuwa tumbo, mara tukasikia vilio.

Siku ya mazishi redio ilikuwa pale katikati ya wanaume, juu ya kigoda, imetiwa betri mpya kwa rambirambi. Unajua kwa nini. Mkwe wake alikuwa amepiga simu posta ili tangazo la kifo litoke, ndugu wa Tabora na wa Kigoma wasikie, na watu walitaka kulisikia kwa masikio yao kabla ya kwenda makaburini. Wakaiwasha mapema wasije wakapitwa. Kumbe mapema ilikuwa saa ya salamu. Watu kimya, marehemu yuko ndani, na mtangazaji kwa ile sauti yake ya furaha anasema, "Sasa twende Mpanda kwa Mama Skola wa Cherehani. Anamsalimia mume wake aliyeko Ugalla, mdogo wake Vero wa Ikola, mwanika dagaa, na kwa namna ya pekee jirani yake Mzee Kasonso, mzee wa mipini, akimtakia afya njema. Ujumbe wake anasema: Enyi msalimiwao mkakaa kimya, kimya chenu kina maana gani?"

Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi yenyewe ilikuwa imeshachimbwa.

Ungeweza kupita msiba kama huo kwa ukimya, lakini marehemu alikuwa na mtani, Maganga, na mtani msibani hana breki. Akasimama, akavaa kofia, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba alimolazwa mzee. Akabisha. "Mzee Kasonso," akasema, "umesalimiwa na umeulizwa swali. Itika, tupate kukuzika." Akaweka sikio mlangoni. Akatugeukia. "Jamani, ananuna. Nendeni mkamtafutie Mama Skola aje amwulize mwenyewe." Watu wakavunjika mbavu. Wazee wazima walikuwa wanafuta machozi ambayo yalikuwa ya msiba na sasa hayajulikani ni ya nini.

Waliocheka sikuwakasirikia. Mtani ndiyo kazi yake. Aliyenikasirisha ni mdogo wake marehemu, yule mwenye vipuri vya baiskeli. Alisema nimemwita mtu aliyekwisha kufa. Alisema mwanamke anayepeleka majina ya watu mbali bila kujua yatarudi lini anacheza na mambo. Nikatakiwa nilete kuku mweupe kusafisha maneno. Skola, nilimleta, na mpaka leo sijamsamehe bwana yule, maana kuku alikuwa anataga. Nilitaka kumwuliza yule bwana: wewe mwenye hekima hizo, kaka yako alipokuwa anatembea hapa na suruali iliyopasuka, ulimsalimia mara ngapi? Sikuuliza. Nilikuona umejifunika khanga, nikajifunika na mimi.

Hilo ndilo ninalojutia, siyo kadi. Kadi ilikuwa ya mtu mzima mwenye afya, ikachelewa njiani kama kila kitu kinachosafiri kwa reli hii. Ninachojutia ni kwamba baada ya pale niliacha. Niliona watu wakipita kibarazani wakitabasamu, watoto wananiita "Mama Itika", nikasema basi, yaishe. Redio nikaifunika kitambaa. Wewe ulikuwa shule, hukujua. Miezi ikapita, Mama Skola wa Cherehani hakusikika.

Msimu wa asali ukiwa bado katikati, mizinga haijarinwa hata nusu, baba yako akatokea. Hakuwa na debe, hakuwa na kitu. Amekonda, nyayo zimepasuka. Alisimama pale mlangoni ananitazama nikipiga cherehani, kisha akakaa chini kwenye udongo. Nikamuuliza kuna nini, nani amekufa. Akasema, "Nilidhani wewe." Alikuwa akisikiliza kila jioni. Mwanzoni alisema labda treni. Halafu akasema labda kadi zimeadimika. Halafu akaacha kusema, akaacha na kula. Wenzake walimwambia asubiri msimu uishe, yeye akaondoka alfajiri. Asali ya mwaka ule waligawana wengine, na ada yako ya muhula ule ilitoka kwenye mbuzi, kama hukuwa unajua.

Nilitaka kumpigia kelele. Mtu mzima, unaacha kazi kwa sababu hujasikia jina? Lakini nilipomtazama pale chini nilishindwa. Mimi niliogopa kuchekwa na mtaa, na aliyelipa ni yeye. Tangu siku hiyo nachukia aibu ya namna hiyo, na nikiiona kwako ndipo damu inaponichemka hivi.

Haikupita wiki, akaja mjane, Mama Perpetua. Alileta ile suruali ya marehemu, ile yenye kiraka changu, niikate kaptula ya mjukuu. Nikaanza kumwomba radhi kwa mara nyingine. Akanikatiza. Akasema, "Mbona umeacha salamu?" Nikamwambia, "Dada, baada ya mambo yale?" Akasema, "Mambo yapi? Kila jioni marehemu alikuwa anatunyamazisha sote mle ndani, anasema: Tulieni, leo huenda wakanitaja. Watoto walikuwa hawaruhusiwi hata kukohoa. Siku ile wenzangu mnacheka huko nje, na shemeji ananuna, mimi nilikuwa ndani nimekaa naye. Nikamwambia, Baba Perpetua, umesikia, wamekutaja." Halafu akanipa vipimo vya mjukuu, akaniomba niache mfuko wa nyuma usiguswe kwa sababu ulikuwa bado mzima.

Nilinunua kadi jioni ileile.

Sasa wewe unaniambia watakucheka. Watacheka, kwani mimi nimekataa? Watakuita Skola wa Cherehani. Watakuuliza Mpanda ni wapi, kama kuna umeme, kama tunalala na tembo. Wengine watacheka leo na kesho watakuja kimyakimya kukuuliza kadi zinauzwa wapi, kwa sababu nao wana mama ambaye hana simu wala hajui kuandika kurasa mbele na nyuma. Kucheka kunapita. Mimi nilichekwa kaburi likiwa wazi, na bado naenda sokoni. Lakini usijifunike khanga. Ukishajifunika huoni ni nani anakutafuta.

Haya, sikiliza jambo la mwisho, na ukinuna nuna, sipo hapo.

Siku barua ya chuo ilipofika, kabla hujasimama kwenye kigoda na kabla hujatoa ile hotuba yako, mimi nilikuwa nimeshaandika kadi. Imepanda treni kabla yako. Iko njiani, au iko kwenye gunia posta, au iko mezani kwa mtangazaji chini ya kadi za wenzangu. Siwezi kuirudisha hata ningetaka, na sitaki. Kama unalalamika nenda stesheni. Ina jina la baba yako, na la Vero wa Ikola, na la Mama Perpetua, na lako lote zima, Skolastika, nimeliandika kwa herufi kubwa ili huyu bwana asikosee tena. Nimesema umepata chuo cha kilimo Morogoro. Baba yako atalisikia huko msituni siku moja nawe utalisikia bwaloni, jioni ileile, na mimi nitalisikia hapa nikiwa na pini mdomoni. Mimi sijui njia nyingine ya kutukalisha sisi watatu mahali pamoja. Kama wewe unayo, yenye waya, niambie.

Siwezi kukuambia ni lini. Labda wiki ya kwanza, hujajua hata njia ya chooni. Labda nitakuwa nimeumwa na kupona. Labda nitakuwa nimeumwa tu. Salamu zetu ndivyo zilivyo, zinatoka kwa mtu mzima na hazijui zitamkuta nani. Mimi nimeshatozwa kuku kwa sababu ya hilo.

Ninakusikia unapiga hodi kwa shangazi yako wa pili, huyu wa hapa jirani, au ni mtu mwingine mwenye sauti kama yako. Taa sijawasha na maandishi yananikimbia. Asubuhi nitakupikia viazi, nitakusindikiza stesheni, na tutazungumza habari za viazi. Usidhani nimesahau.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi moja ya salamu. Ni tupu. Sikuandika kitu, hata jina langu sikuliweka, uchague mwenyewe kama ni Mama Skola au ni Felista. Ukiona haya, iandike usiku wenzako wakiwa wamelala, uitume kwa posta ya mbali. Mimi sitajali inatoka kona gani.

Na sasa, kwa kuwa nimemaliza kukasirika, au nimechoka, nalijaza lile pengo la juu. Nakusalimia, mwanangu. Mzee Kasonso hakuniitika kwa sababu alikuwa amekufa. Wewe huna udhuru huo. Itika.

Mama Skola wa Cherehani
Mpanda